Sanduku la Kulia

Lugulu, 9 Januari 1958

Mpwa wangu Bramwel,

Leo ni tarehe tisa Januari 1958, na ni miaka thelathini na miwili tangu nitoke Kitale. Unajua hatukutoka kwa kupenda. Shamba lilipata mwenyewe mpya kutoka ng'ambo, nasi tukashuka huku na mbuzi wetu na mawe ya kusagia. Nimefundisha hesabu hapa kwa muda mrefu hata watu hudhani nilizaliwa hapa, nami nimechoka kuwasahihisha.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kwamba ofisi imekupa wanafunzi wa chuo kikuu cha Kampala kwa muhula mzima, uwafundishe kuandika amri za ile mashine ya kadi uliyoisomea Uingereza. Kwamba wao ni hodari wa kila kitu isipokuwa hilo, na wanakukodolea macho kama ng'ombe waliosikia gari moshi.

Mashine yenyewe sijaiona, lakini vichwa vya wanafunzi ninavijua. Usianze na mashine. Mchague mmoja wao awe mashine. Mweke mwisho wa chumba, na wengine waandike amri za kumtoa pale alipo hadi mlangoni. Mkataze kufikiri. Afanye kilichoandikwa, na kisichoandikwa asikifanye. Wakishamwona mwenzao anaharibikiwa kwa maneno yao wenyewe, wataelewa haraka kuliko ukiwapa mihadhara.

Kuhusu kadi yangu: umesema ofisi inaandika kila familia inayoishi katika mashamba ya Wazungu huko, na pia sisi tulioondolewa zamani tunaotaka kurudi. Nimejibu maswali yote. Mahali pa kuzaliwa: kando ya mto Koitoboss. Je, una mtu aliyezikwa katika shamba hilo? Ndiyo. Jina lake: Khaoya, baba yangu. Nimeeleza mpaka umbo la mawe tuliyomwekea kichwani. Mwambie mkubwa wako kwamba sihitaji ardhi kubwa. Nataka pa kujenga chumba kimoja ambacho mlango wake unatazama mawe hayo.

Mama yako Nakhungu ameniwekea mbegu ya mtama. Mwambie asiipike.

Mjomba wako,
Hiram Wepukhulu

*

Kitale, 28 Januari 1958

Mjomba,

Salamu nyingi. Nimefanya ulivyosema. Mashine alikuwa Kiplangat, kijana mmoja mrefu ambaye hawezi kukaa dakika tano bila kutia neno. Wakamwandikia, "Nenda mbele." Akaenda. Hakuna aliyeandika asimame. Akagonga ukuta, akaendelea kutembea papo hapo, pua ukutani, miguu ikipiga sakafu.

Agneta, mmoja wa wale walioandika, akamwambia, "Si usimame, wewe!"

"Hiyo umesema kwa mdomo," akajibu, pua bado ukutani. "Mimi nasoma karatasi tu, bana."

Tulicheka mpaka karani wa jirani akaja kuchungulia. Lakini tangu siku hiyo wanaandika amri safi. Sasa wameanza kuchomeka nyaya ubaoni wenyewe. Nikueleze inavyofanya kazi, maana najua utapenda. Kila jibu la mtu ni tundu katika kadi. Mashine hupapasa kadi kwa brashi za waya. Mahali tulipoamuru itazame, ikikuta tundu, kadi huangukia sanduku la kulia. Isipokuta, la kushoto. Na kama safu nzima imetobolewa kutoka juu hadi chini, mashine haijui la kufanya, huitema kadi katika sanduku la chini. Kiplangat aliegemea vitufe vya kutobolea juzi akaharibu moja namna hiyo. Bwana Mkubwa alitukana kwa lugha mbili, kwa sababu tundu haliwezi kuzibwa. Ni lazima mtu arudi mpaka kwa familia ile akaulize upya.

Sasa kuna jambo nataka shauri lako. Kwenye swali la kaburi, ofisi haikubali "ndiyo" bila jina la aliyezikwa. Na wanaokutwa nyumbani mchana ni wanawake. Waliolala pale ni wakwe zao. Wewe na mimi tunajua kwamba mwanamke wa kwetu hatataja jina la baba mkwe wake hata umpe shamba zima. Anatazama chini, ananyamaza, na kadi yake inabaki tupu. Nilipomweleza Bwana Mkubwa alisema, "Mashine yako haina mkwe, Bramwel. Nataka majina."

Anasema wenye mizizi ya zamani ndio watakaoshughulikiwa kwanza. Nachelea wanawake hawa watapoteza haki yao kwa ajili ya adabu. Nifanyeje bila kuwavunjia heshima?

Mpwa wako,
Bramwel

*

Lugulu, 6 Februari 1958

Mpwa wangu,

Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufanya. Wasilazimishwe. Mwanamke aliyetajishwa jina hilo kwa nguvu hatakusamehe, na wanawe pia.

Lakini mwiko ni wake, si wa nyumba yote. Wajukuu hawafungwi. Mtoto wa kwetu hupewa jina la babu na kuambiwa, "Wewe ni fulani, simama wima." Waambie wanafunzi wako wasimwulize mama. Wamsalimie, wazungumze habari za mvua, kisha wamuulize mtoto anayecheza uani: babu wa nyumba hii aliitwa nani, na amelala wapi? Atataja kwa sauti ya kwaya, na atawapeleka kwa mkono mpaka kwenye mawe. Mama atajifanya hakusikia, na heshima yake itabaki.

Nilipoandika hayo nilifurahi, kwa sababu nilimwona baba yangu akiulizwa na kijana wa chuo kikuu, na mtoto akijibu.

Neno moja la kialimu. Wanafunzi wangu walipofanya hesabu niliwauliza kwanza: jibu hili ni la nini? Ni magunia, au ni watu? Aliyeshindwa kusema, sikumruhusu kuanza. Wewe nawe, kabla mwanafunzi hajachomeka waya, mwambie aseme kadi za sanduku la kulia zinapelekwa wapi. Hukuniandikia hilo. Nadhani ulisahau tu.

Mjomba wako,
Hiram

*

Kitale, 24 Februari 1958

Mjomba,

Nashukuru kwa shauri lako. Limefanya kazi kuliko tulivyotazamia. Kadi tupu zimekwisha karibu zote. Kiplangat hutembea na sukari guru mfukoni, na watoto wa mashambani wanamkimbilia.

Swali lako niliwapa darasani. Wengi waliandika, "Kulia ni wanaostahili." Agneta hakuandika. Alisimama akasema, "Mwalimu, tunajua zinaangukia wapi. Hatujui zinaenda wapi. Wewe unajua?"

Nilimwambia zinaenda juu, kwa Bwana Mkubwa.

"Na kutoka juu?"

Bahati mbaya Bwana Mkubwa mwenyewe alikuwa mlangoni. Alimuuliza jina lake, akamwuliza baba yake anafanya kazi wapi. Siku iliyofuata Agneta alipewa tikiti ya treni ya Kampala. Wameniambia ni mambo ya afya. Alipokuwa akifunga sanduku lake alionekana mzima.

Mambo ni mengi ofisini. Tuzungumze zaidi habari za mvua katika barua zetu. Mama anakusalimu.

Bramwel

*

Lugulu, 10 Machi 1958

Bramwel,

Habari za mvua: haijanyesha. Hiyo tumemaliza.

Jana nilishuka Bungoma kununua miwani. Karibu na stesheni nilikuta watu wamekaa chini kwenye vumbi, na kuku wamefungwa miguu, na milango. Ndiyo, milango ya nyumba, imeng'olewa na bawaba zake. Lori zilikuwa zimewashusha alfajiri. Katikati yao nilimtambua Wekoye, aliyekuwa akichunga nasi kando ya Koitoboss. Amekaa juu ya jiwe lake la kusagia kama abiria aliyekosa gari.

Nikamwuliza, "Wekoye, umefanya nini?"

"Nimejibu maswali," akasema.

"Maswali gani?"

"Ya makaburi. Mwalimu, tulidhani wanataka kuyajengea ua. Kijana mzuri sana, anagawa sukari. Mjukuu wangu akamwonyesha baba yangu, akamwonyesha na babu." Akacheka, kicheko ambacho sikukipenda. "Jirani yangu Kimeli alikuja juzi tu kutoka Cheptais. Hana maiti hata mmoja. Yeye amebaki, analima."

Nilizunguka nikiwauliza wengine kama mkaguzi wa shule. Kila mmoja ana mtu aliyelala kule. Sikumpata hata mmoja asiye naye.

Sitaki maelezo. Niandikie ile amri, neno kwa neno, kama wanafunzi wako walivyoiandika. Usiipeleke posta. Sellah, muuguzi wa hapa hospitali, atapita Kitale Jumamosi kumtazama dada yake huko Matisi. Mpe mkononi.

Hiram

*

Shambani, Kitale, 12 Machi 1958

Kwa ndugu yangu Hiram,

Mimi Nakhungu niko mzima lakini roho si mzima. Hii barua anaandika Jerono wa duka, kwa hivyo usishangae hiyo maandiko nzuri.

Nilifikiri Bramwel amekuambia. Naona hajakuambia. Lori imechukua watu wa upande wa mto. Sisi wa upande wa kilima tumeambiwa ati tungoje, karatasi yetu bado iko kwa mashine. Mwanangu akija hapa hali chakula. Anakaa, anaangalia ile mawe, anaenda.

Ile siku ya kuandika alikuja mwenyewe. Akasema, mama, kadi yako ndio ya mfano, wanafunzi waione. Akaniuliza nani amelala pale. Nikamwambia, si wewe unajua, ni yule mzee wa hapa. Akasema anataka jina. Nikaziba masikio, yeye akataja, na tukacheka wote wawili. Sasa sicheki.

(Mwalimu, ni mimi Jerono. Nimemwuliza hilo jina niliandike hapa, amekataa hata kwangu. Amesema niandike tu "yule mzee.")

Ndugu yangu, mimi nikiondoka hapa ni nani atapalilia yule mzee? Na baba yetu kule mtoni, ambaye wewe uliniachia? Mtama wako sijapika. Niambie nipande ama nifunge kwa gunia.

Dada yako,
Nakhungu

*

Kitale, 15 Machi 1958

Mjomba,

Sellah ananisubiri nje, kwa hiyo naandika haraka. Amri ni hii:

Chukua kadi. Tazama safu ya kaburi. Kama kuna tundu, weka kulia. Kama hakuna, weka kushoto. Chukua kadi nyingine.

Hakuna zaidi ya hapo. Mtoto angeweza kuiandika. Kushoto ni wa kubaki.

Mwanzoni sikujua. Nilijua siku ya Agneta, na nikaendelea kufundisha. Bwana Mkubwa alinieleza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya mahindi. Alisema nchi hii huenda ikabadilika mikono, na siku hiyo mtu mwenye kaburi ndani ya shamba atakuwa na neno la kusema. Heri wabaki wasio na neno. Nilimuuliza juu ya wale wanaoomba kurudi, kama wewe. Alisema kadi zenu zinasaidia kuonyesha makaburi ambayo hayana mtu wa kuyataja tena. Kaburi la babu Khaoya wamekwisha kulisawazisha. Trekta ilipita Jumanne. Sikujua nitakuandikia vipi.

Kadi za upande wa kilima zitapitishwa mwisho wa mwezi. Ya mama imo. Nimeshika waya ule wa safu ya kaburi mara nyingi. Nikiung'oa, Bwana Mkubwa ataona, maana kila asubuhi hupitisha kadi zake za majaribio kwanza. Naweza kuiba kadi ya mama peke yake. Je, nifanye hivyo? Nikiiba moja, nitawatazamaje wengine waliofundishwa na mimi kutaja?

Bramwel

*

Lugulu, 17 Machi 1958

Mpwa wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Habari ya trekta nimeisoma mara moja tu, sirudii.

Usiguse waya. Usiibe kadi ya mama yako. Asingetaka kubaki peke yake kati ya majivu ya meko ya majirani. Rudi kwenye barua yako ya Januari. Uliniandikia habari za Kiplangat alipoegemea vitufe. Safu nzima ikitobolewa, mashine huitema kadi chini, na tundu halizibwi. Ni lazima mtu arudi kwa familia akaulize upya.

Wanafunzi wako ni wapya. Wanafunzi wapya hukosea. Wape zoezi la mwisho wa muhula, la kutoboa, na wakosee wote kosa moja, katika safu moja, kwa kadi zote zilizobaki. Lakini safari hii waambie kwanza sanduku la kulia linapelekwa wapi. Wasifanye kama mashine. Asiyetaka aende zake, na usimlaumu.

Waliokwisha shushwa Bungoma hili haliwarudishi. Najua. Wekoye nimemweka kwangu, na mlango wake umeegemea ukuta wangu.

Na kadi yangu mimi iweke katika rundo hilohilo. Usiitoe. Ndiyo karatasi pekee ofisini inayosema nilizaliwa huko, na ndiyo inayomwonyesha baba yangu alipolala. Itobolewe safu zote, si hiyo moja tu.

Mjomba wako,
Hiram

*

Kitale, 31 Machi 1958

Mjomba,

Zoezi limekwisha. Niliwaambia kila kitu nikiwa nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na mlango wazi. Hakuna aliyeondoka. Kiplangat alikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alitoa sukari yote mfukoni akaiweka mezani kwangu, kisha akakaa kwenye vitufe akaanza.

Ulipowashwa umeme asubuhi, sanduku la kulia lilibaki tupu, na la kushoto tupu. Kadi zilianguka chini moja baada ya nyingine kama mvua ya mawe, na mashine haikusimama kwa sababu hakuna aliyeiamuru isimame. Bwana Mkubwa hakutukana safari hii. Aliokota kadi moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Wanafunzi wako wamejifunza vizuri sana, Bramwel."

Wameitwa watu wa kuanza upya baada ya mvua za kupanda. Wanafunzi wamepakiwa kwenye treni leo. Mimi nimeambiwa niende Nairobi kesho na gari la ofisi, nikaeleze. Nisichukue mizigo, kwa sababu si safari ndefu.

Mwambie mama kwamba nilikula vizuri kabla ya kuondoka.

Bramwel

*

Lugulu, 2 Juni 1958

Dada yangu Nakhungu,

Jerono akusomee barua hii pole pole, mlango ukiwa umefungwa, kisha aitie motoni.

Mvua imenyesha huku, nami nasikia huko pia. Kwa hiyo wamekaribia kuja tena na kadi mpya. Msimpokee mtu kwa matusi wala kwa hofu. Mpeni maji ya kunywa. Akiuliza nani amelala katika shamba hilo, wewe fanya kama ulivyofunzwa ulipoolewa: tazama chini, nyamaza. Nilipotoa shauri la kuwauliza watoto, nilidhani ukimya wako ni tundu lililosahauliwa. Sasa naona huo ndio utakaowabakisha hapo.

Lakini watoto nao sharti wafungwe na mwiko huo. Waambie wake wa kilimani wote. Kuanzia leo mtoto asiitwe kwa jina la babu yake mbele ya mgeni. Mawe ya kichwani myatoe pasiwe na alama, myajengee jiko au zizi, na juu yake mpande. Najua ninachokuomba. Ninakuomba mjukuu wako, mtoto wa Bramwel, akue bila kuonyeshwa mahali. Wewe utakumbuka, na mimi nitakumbuka, na siku moja mtu akiuliza kwa nia njema, sijui nani atakuwa amebaki wa kumwonyesha.

Bramwel hajaniandikia. Niliandika Nairobi, barua imerudi ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena, haina maelezo. Agneta ameniandikia kutoka Kampala, anamtafuta kwa njia zake. Anasema Kiplangat na wenzake wamefika salama, na hawacheki sana. Nikipata neno lolote nitamtuma Sellah. Hadi hapo endelea kumwekea chakula, kama unavyofanya.

Ofisi imeniletea fomu mpya. Wananiuliza kwa upole kama bado ninataka kurudi, na kama ndiyo, niandike upya nilizaliwa wapi, na nani wangu amelala huko, na mahali penyewe. Nimeiweka mbele yangu tangu asubuhi. Wekoye amenitazama akaniuliza, "Mwalimu, hujui jibu?" Nikamwambia ninalijua.

Niliwahi kuliandika jina hilo katika barua, kwa fahari, kwa wino mzuri. Siliandiki tena. Nimeirudisha fomu bila tone la wino, nao wanajua kadi tupu huangukia wapi.

Usiufunge mtama kwenye gunia. Upande kule kilimani, mle na watoto.

Mimi sitarudi.

Ndugu yako,
Hiram